Kemikali zinazovuruga homoni na saratani ya utumbo mpana

Wakulima wa kahawa na mboga katika kaunti ya Nyeri, kuanzia Othaya hadi Karatina, hutegemea dawa za kuua wadudu na magugu. Baadhi ya kemikali za aina hiyo huvuruga homoni: zikiingia mwilini kupitia chakula, maji au ngozi, nyingine huiga homoni na nyingine huizuia kufanya kazi.

Utumbo mpana una kipokezi cha estrojeni kiitwacho beta, ambacho husaidia kuzuia seli kuongezeka ovyo. Saratani inapoendelea, kipokezi hicho hupungua. Bisfenoli A, iliyotumiwa kwa miaka mingi katika plastiki ngumu na utando wa ndani wa mikebe ya vyakula, ilitambuliwa mwaka wa 1936 kuwa huiga estrojeni. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa yaweza kuchochea seli za saratani ya utumbo mpana kuhama. Hata hivyo, matokeo hayo si ithibati kwamba mlaji ataugua.

DDT, ambayo pia huiga estrojeni, ilipigwa marufuku katika kilimo nchini Kenya mwaka wa 1986, lakini mabaki yake hudumu udongoni kwa miaka mingi.

Mkulima anashauriwa kuvaa glavu na barakoa, kungoja siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa kabla ya kuvuna, na kutohifadhi maji katika chupa hizo. Anayeona damu kwenye kinyesi amwone daktari bila kuchelewa.