Baleti nne za Diaghilev katika kanda moja

BALETI ni densi ya jukwaani inayosimulia kisa kwa miondoko na muziki. Aghalabu onyesho huwa hadithi moja ndefu, lakini onyesho mseto hukusanya baleti fupi kadhaa usiku mmoja.

Mfano mmojawapo ni lile la wachezaji wa Opera ya Paris, lililorekodiwa mwaka wa 1990 katika ukumbi wa Palais Garnier, Ufaransa. Lina kazi nne za kundi la Ballets Russes, lililoasisiwa na Mrusi Sergei Diaghilev mwaka wa 1909.

Petrouchka na Le Spectre de la rose zilitungwa na Michel Fokine mwaka wa 1911. Ya kwanza yahusu kikaragosi mwenye moyo wa binadamu. Ya pili, msichana anayeota akicheza na roho ya waridi. Ya tatu, L'Après-midi d'un faune ya Vaslav Nijinsky, ilizua kelele jijini Paris mwaka wa 1912 kwa ishara zake za ashiki. Les Noces (1923), yake Bronislava Nijinska, dada ya Nijinsky, yaonyesha harusi ya kijijini Urusi ambapo bi harusi anaagana na wazazi kwa huzuni.

Nijinsky ndiye aliyekuwa mchezaji mkuu wa kwanza katika zile tatu za awali. Hata hivyo, hakuna filamu inayojulikana ya densi yake. Zimesalia picha na masimulizi. Dadake aliishi hadi 1972, na mwaka wa 1966 aliifundisha Les Noces upya jijini London.

Densi hurithishwa kutoka mwili hadi mwili. Mwalimu akifariki kabla ya kurithisha, kanda ndiyo shahidi anayebaki.