Ruiru 11 Ina Damu ya Wageni

Wasee wa Thika na Ruiru, hii kahawa tunajivunia ina damu ya mbali. Ugonjwa ulipoozesha kahawa nchini 1968, watafiti wa Ruiru hawakung'ang'ania mbegu za nyumbani pekee. Walizichanganya na za Timor na Sudan, na 1985 wakatoa Ruiru 11.

Hata masomo ya kilimo yalikuja hivyo. Hapo Juja, katikati yetu, JKUAT ilianza 1981 kwa msaada wa Japani.

Mimi niliacha chuo, lakini hii naiona: ukijua kuchanganya mbegu na hujui kukaa na watu, utatumwa Turkana uanze kumfunza mfugaji kabla hujamsikiliza. Atakuitikia tu, ukienda anaendelea na yake. Sasa hiyo digrii imemsaidia nani?