Travis Pastrana
Travis Pastrana (amezaliwa Annapolis, Maryland, 8 Oktoba 1983) ni mwendesha pikipiki wa Marekani, bingwa wa motokrosi ya sarakasi. Mwaka 1999 alishinda shindano la kwanza la mchezo huo katika mashindano ya X Games, San Francisco, na pia akaruka na pikipiki hadi baharini, utundu uliowaudhi waandaaji. Kilele chake kilikuwa Los Angeles, 4 Agosti 2006: aliruka juu, akapiga samasoti mbili kinyumenyume angali ameshika usukani, akatua kwa magurudumu. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amewahi kufanya hivyo mashindanoni. Kundi la Nitro Circus, aliloanzisha na wenzake mwaka 2003, hutengeneza filamu za michezo ya hatari. Uzuri wa filamu hizo ni kwamba hazifichi mianguko. Mwaka 2018 aliruka chemchemi ya Caesars Palace, Las Vegas, mahali alipoanguka mrukaji wa pikipiki Evel Knievel mwaka 1967.