Baiskeli ya mshindi hununuliwa na nani?

Niko nyumbani Sigowet, na jirani amepita sasa hivi akisukuma Black Mamba yake mlimani, mtungi wa maziwa nyuma. Aliinunua kwa pesa zake mwenyewe. Nikajiuliza: je, waendesha baiskeli wa kulipwa nao hununua zao?

Kwa kawaida hapana. Maurice Garin aliposhinda Tour de France ya kwanza, 1903, alikuwa juu ya baiskeli ya kiwanda cha La Française. Ushindi wake ulikuwa tangazo lao. Mwaka 1930 mwandalizi, Henri Desgrange, alichoshwa na ubabe wa viwanda, akaunda timu za mataifa na kuwapa wote baiskeli za manjano zisizo na jina. Kisha viwanda vikaishiwa fedha. Mwaka 1954 Mwitalia Fiorenzo Magni akaleta mdhamini wa nje: Nivea, watu wa mafuta ya ngozi! Mpango huo ndio umebaki: mdhamini hulipa mishahara, kiwanda hutoa baiskeli ili zionekane, zikauzwe madukani.

Lakini tatizo ni hili: timu hukupa baiskeli ikishakuona ukiendesha. Utaonwaje huna? Hapa Kenya, David Kinjah wa Kikuyu alijibu kwa kuwakusanya vijana nyumbani kwake, wakaunda baiskeli kutokana na vipuri vikuukuu. Huko ndiko alikojifunza Chris Froome, aliyeshinda Tour mara 4.

Nami niliandika programu yangu ya kwanza kwa kompyuta ya kuazima. Kipaji kilikuwepo; kilichokosekana ni chombo.