Inchi Sita: Historia ya Paipu Iliyo Nyuma ya Choo

Nenda hadwea yoyote, umwambie jamaa wa kaunta unajenga choo cha shimo na unataka paipu ya hewa. Atakuuliza: inchi nne ama inchi sita? Ya inchi nne ni bei nafuu, na fundi atakuapia kwamba inatosha, bora harufu ipate pa kutokea. Anakosea. Kuelewa kwa nini anakosea, inabidi turudi nyuma kidogo.

Historia ya vyoo hupenda kuanzia London. Mwaka 1775 Alexander Cumming, aliyekuwa fundi wa saa, alipewa hataza ya choo cha maji chenye paipu iliyopindwa kama herufi S. Kwenye ule mpindo hubaki maji kidogo, na maji hayo ndiyo mlango unaozuia hewa ya mtaro isirudi ndani ya nyumba. Shida ni kwamba maji mengi yakishuka kwa kasi huvuta hewa nyuma yake. Wasipoipatia njia nyingine, yanafyonza hata yale maji ya mlangoni, na uvundo unaingia. Dawa yake ni paipu ya pili inayopanda hadi juu ya paa ili hewa iingie kutoka nje.

Kilichowafanya Waingereza walichukulie jambo hili kwa uzito ni woga. Mwaka 1858 Mto Thames ulinuka hadi wabunge wakakosa raha kikaoni. Mwaka 1871 mrithi wa Malkia Victoria aliugua taifodi nusura afe, baada ya kulala kwenye nyumba moja huko Scarborough, na lawama ikaangukia hewa ya mtaro. Ukweli ni kwamba taifodi haiingii kwa pua. Inaingia kwa maji na chakula kilichochafuliwa. Lakini hofu ya harufu ilitosha kuwafanya wenye pesa waite mafundi, na paipu za hewa zikaota juu ya mapaa yao.

Ujanja huo wote unadai vitu viwili: maji ya bomba na mtaro wa kuyapokea. Mwenye shimo hakuwa kwenye hesabu. Kwake tundu liko wazi mchana na usiku. Harufu inapanda, nzi wanashuka, wanataga mayai, kisha kizazi kipya kinatoka shimoni na uchafu miguuni na kwenda kutua kwenye sahani ya ugali.

Jibu lake lilitoka Salisbury, mji tunaouita Harare leo. Nchi ilikuwa Rhodesia, chini ya walowezi, vita vya ukombozi vikiendelea. Kulikuwa na maabara ya serikali iliyobeba jina la daktari wa enzi hizo, Dyson Blair. Humo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanabiolojia Peter Morgan na wenzake walichukua choo cha shimo, chombo ambacho wataalamu walikuwa wamekidharau, wakakiongezea paipu.

Wazo lenyewe ni rahisi. Upepo ukipita juu ya mdomo wa paipu unavuta hewa kutoka shimoni. Hewa safi inashuka kupitia tundu la choo kuijaza nafasi hiyo, kwa hivyo harufu haipandi chumbani. Sasa njoo kwa nzi. Nzi wa nje hufuata harufu, na harufu sasa iko juu ya paipu, ambapo kuna wavu. Nzi aliyezaliwa shimoni hufuata mwanga. Chumba kikiwa na giza, mwanga anaouona ni ule wa juu ya paipu, basi anapanda, anagonga wavu na kufia pale. Ndiyo maana choo chao kilijengwa kwa ukuta unaojizungusha kama konokono, bila mlango. Mlango watu husahau kuufunga, na mwanga ukiingia chumbani nzi atatokea tundu lile lile unalochuchumalia.

Halafu wakafanya kile London haikufanya: walihesabu nzi. Walilinganisha vyoo viwili vinavyofanana, kimoja kikiwa na paipu na kingine bila. Kwa siku 78, choo kisicho na paipu kilitoa nzi 13,953. Chenye paipu kilitoa 146. Matokeo yalichapishwa mwaka 1977.

Uhuru ulipofika 1980, serikali mpya ilikipeleka choo hiki vijijini. Familia zilichimba na kufyatua matofali, na nyingi zikasaidiwa na saruji. Wazimbabwe walibadilisha jina la nchi, la mji mkuu na la barabara, lakini choo wakakiacha kiitwe Blair.

Swali la ukubwa lilipata jibu lake muda mfupi baadaye. Mwaka 1983, Beverley Ryan na Duncan Mara walitoa mwongozo chini ya mradi wa UNDP na Benki ya Dunia. Kwanza, upepo ndio unaofanya kazi kubwa, kuliko jua linalopasha paipu nyeusi joto. Pili, paipu ya plastiki iwe na kipenyo cha milimita 150, yaani inchi sita. Ukijenga bomba la matofali, ambalo ndani lina mikwaruzo, liwe milimita 230 kila upande. Na mdomo upite paa kwa nusu mita.

Piga hesabu mwenyewe. Ukitoka inchi nne hadi sita, nafasi ya hewa haiongezeki kwa nusu. Inazidi maradufu, mara 2.25. Fundi anayekata inchi mbili anakunyima zaidi ya nusu ya pumzi ya choo, na mwanga wa kuwavuta nzi pia unapungua.

Ukipita shule nyingi za mashambani hapa Kenya utaziona paipu hizi zikichungulia juu ya mabati. Nyingine ni nyembamba. Nyingine hazina wavu, kwa sababu ulioza na hakuna aliyeurudisha, na paipu bila wavu ni barabara ya nzi kwenda na kurudi. Kwa mbali choo kinaonekana kimekamilika, na kwenye ripoti kinahesabiwa. Lakini mtoto anayekitumia anakula na nzi wale wale ambao watu wa Salisbury waliketi kuwahesabu mmoja mmoja, miaka hamsini iliyopita, ili yeye asiwe na haja ya kuwajua.