Busaa ya Kawangware na Divai ya Bordeaux

Busaa nzuri haipikwi kwa siku moja. Mama anayeipika kwenye vichochoro vya Kawangware, Nairobi, huanza na unga wa mahindi aliouchanganya na maji na kuuacha uchachuke siku kadhaa. Kisha huumwaga juu ya bati pana lenye moto chini, akaukaranga huku akiugeuzageuza kwa koleo, mpaka uwe wa kahawia na harufu yake ipenye mabati hadi kwa jirani. Huo ndio mkarango. Baadaye hutia maji na kimea cha wimbi, akangoja tena. Kimea kikipungua, pombe hudorora; mkarango ukiungua, mtungi mzima huwa mchungu na wateja huhamia mlango wa pili. Kipimajoto hana. Hunusa, huonja, hutazama povu.

Mtengeneza divai wa Bordeaux angemwelewa bila mkalimani. Naye kazi yake ni kuilinda hamira isiyoonekana, kuchagua siku ya kuvuna zabibu, kujua pipa lipozwe lini na liachwe lini. Wazee wa Kikuyu wanaotengeneza muratina wangemwelewa pia. Wao hupasua tunda la mvungunya, wakalichemsha, wakalianika, kisha wakalitumbukiza kwenye asali na maji karibu na joto la meko. Hamira hukaa kwenye nyuzi za tunda hilo. Pombe ikiiva, vipande hutolewa, vikaanikwa na kutunzwa kwa ajili ya mtungi ujao, na kipande kilichozoea kazi huthaminiwa kuliko kipya. Mfaransa husema ladha hutoka ardhini. Kwa muratina, sehemu kubwa ya ladha imo katika kipande hicho kikavu.

Basi kama ufundi upo pande zote, kwa nini mmoja huandika jina lake kwenye chupa na mwingine huficha mtungi chini ya kitanda?

Wengi hujibu kwamba divai ni bora kwa asili yake. Historia haiungi mkono jibu hilo. Orodha maarufu ya madaraja ya divai za Bordeaux ilitungwa mwaka 1855 kwa ajili ya maonyesho ya Paris, na walioitunga ni madalali waliofuata bei za sokoni. Miaka michache baadaye divai ya Ufaransa ilikuwa ikiharibika njiani hadi wateja wa nje wakalalamika. Mwaka 1863 Napoleon III akamwita mwanakemia, Louis Pasteur, achunguze. Kisha mdudu filoksera akala mizabibu, na soko likajaa divai bandia ya zabibu kavu na sukari. Sheria ya 1889 ikaeleza divai ni nini hasa. Mwaka 1907 wakulima wa kusini waliandamana kwa maelfu. Mwaka 1935 ukaja mfumo wa kulinda majina ya maeneo. Heshima ya chupa ile ilijengwa na maabara, sheria na fujo za wakulima.

Huku Nairobi, mtaa wa Kibera uliona upande mwingine wa serikali. Wanubi, askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles waliopewa makao huko mwanzoni mwa karne ya 20, walikuja kujulikana Nairobi nzima kwa jini iliyokenekwa na baadhi ya wanawake wa familia zao. Wakoloni waliijibu kwa misako, na serikali huru ikairithi misako hiyo pamoja na marufuku ya chang'aa, pombe kali ya kienyeji inayokenekwa. Mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Mukuru, Nairobi, kwa pombe iliyotiwa methanoli. Methanoli ya kuua kiasi hicho haitoki kwenye mahindi wala sukari guru. Ni kemikali ya viwandani iliyoongezwa na mfanyabiashara. Ufaransa ilipopata divai mbovu ilimtuma mwanakemia. Sisi tulimtuma karao.

Uganda ilijaribu njia ya katikati. Sheria ya Enguli, yaani pombe ya kienyeji ya kukenekwa, ya 1965 iliwataka wakenekaji wa vijijini wapate leseni na kukiuzia kiwanda pombe yao, nacho kikaisafisha na kuiita Uganda Waragi. Kinywaji kikapanda cheo. Mkenekaji akabaki muuza malighafi, na jina kwenye chupa si lake.

Kenya ilihalalisha chang'aa mwaka 2010, kwa sharti la viwango na chupa ya kioo isiyopungua mililita 250. Lakini mteja wa mama pima, mwanamke anayeuza chang'aa kwa kipimo, ni kibarua wa mjengo anayetaka kipimo cha shilingi chache. Karatasi ilimhalalisha mama huyo. Chupa ikamrudisha gizani. Wakati huohuo mwanasayansi Richard Leakey alikuwa na mizabibu ya Pinot Noir upande wa Ngong, safari fupi kutoka Kawangware, na kwa kuwa hapa hakuna baridi ya kuilaza, mizabibu ya ukanda wetu hupumzishwa kwa kupogolewa. Ni ufundi wa kupendeza. Hakuna aliyefikiria kumwaga mapipa yake.

Sitaki busaa iuzwe kwa bei ya Bordeaux. Busaa ni ya kunywewa ikiwa mbichi, kwa bei ya jirani, na ikikaa siku chache huharibika. Wala sisemi chang'aa haijavunja nyumba za watu, imevunja nyingi. Ninachokataa ni kudhani kwamba anayepika vizuri na anayetia sumu ni mtu mmoja kwa sababu wote wanaishi kwenye mabati.

Kaunti ya Nairobi ina maafisa wa afya ya umma. Iwatume Kibera na Kawangware wakiwa na vipimo vya methanoli, itoe leseni ndogo kwa mitungi michache, na jina la mpishi liandikwe mlangoni pake ili mnywaji ajue wa kumsifu na wa kumshtaki.