Mapaa ya Wachina

Katika Uchina wa zamani, msomaji, mgeni hakuwa na haja ya kubisha hodi ili ajue cheo cha mwenye nyumba. Alitazama paa.

Paa lililopita yote kwa heshima lilikuwa la miteremko minne: mgongo mmoja juu na minne ishukayo pembeni, jumla mitano. Hilo lilikuwa la majumba makuu ya mfalme na mahekalu makubwa. La pili yake lina migongo tisa; usihadaike na hesabu, hapa tisa ilikuwa chini ya tano! Raia aliachiwa miteremko miwili tu. Heshima ilipozidi, upenu wa pili uliongezwa chini ya ule wa kwanza.

Yamkini utauliza paa zito namna hiyo lilichukuliwa na nini. Kuta hazikubeba kitu. Uzito wote uliangukia nguzo za mti, na juu ya nguzo mafundi walipachika vipande vya mbao kimoja katika kingine, tabaka juu ya tabaka, hata upenu ukatokeza mbali na kuikinga mbao na mvua. Vipimo vya kazi hii viliandikwa na Li Jie katika kitabu cha serikali kilichochapishwa mwaka 1103.

Adui mkubwa alikuwa moto. Ncha za mgongo ziliwekewa sanamu za joka lililoaminiwa kuita maji. Walakini jumba la wafalme la Beijing lilikamilika mwaka 1420, na mwaka 1421 radi ikateketeza kumbi zake kuu tatu. Ukumbi wa kiti cha enzi uonekanao leo, wenye penu mbili, vigae vya manjano na sanamu kumi za viumbe katika kila pembe, ni wa mwaka 1695. Maktaba ya mfalme, iliyojengwa mwaka 1776, iliezekwa vigae vyeusi, maana kwa Wachina weusi ni rangi ya maji.

Kwa maoni yangu paa bora kuliko hayo yote liko mbali na fahari ya mji, katika milima ya Shanxi, juu ya hekalu la Foguang. Mwaka 1937 Liang Sicheng na mkewe Lin Huiyin walifika huko wakitafuta majengo ya kale. Wakati huo wengi waliamini kuwa majengo ya mbao ya zama za Tang yamekwisha kabisa katika Uchina. Lin Huiyin aliinua macho akaona wino hafifu chini ya boriti: jina la mwanamke aliyetoa mali ya kulijenga. Jina lilo hilo lilikuwa limechongwa katika nguzo ya jiwe uani, pamoja na tarehe yake, mwaka 857.